Picha ya Akiba

Alhamisi, 28 Agosti

Upepo wa kaskazini, mvua ya ubavuni. Leo nimebadilisha picha ya akiba. Naandika tarehe kwa sababu Jórunn, mhariri wetu, huniuliza kila mwaka niliibadilisha lini, na kila mwaka sikumbuki.

Daftari hili nimeahidi kuliandika mpaka siku ya kwanza ya majira ya baridi. Daktari amesema niandike, usingizi utakuja. Sina hakika. Nina miaka arobaini na tisa, na kwa miaka kumi na miwili nimekuwa idara nzima ya mtandao ya gazeti la Dalvindur: mimi, kompyuta moja na kiti kinacholia kila nikiegemea. Jórunn anaandika, anapiga picha, anagombana na watu kwenye simu. Mimi napandisha habari mtandaoni, kisha nafanya kazi ambayo hakuna anayeiona, ya kuandika lebo.

Jumapili nilimweleza Mama kwa mara ya mia. Mtu akibandika kiungo cha habari yetu mtandaoni, ile kadi inayotokea, yenye picha, kichwa na mstari mmoja wa maelezo, haijitokezi yenyewe. Juu kabisa ya ukurasa, mahali ambapo msomaji hapaoni, mimi nimeandika lebo: picha ni hii, kichwa ni hiki, maelezo ni haya. Mtandao unakuja, unasoma lebo zangu, unaondoka. Habari yenyewe hauna haja nayo.

"Kama mikato ya masikio," Mama akasema. "Unamkata kondoo sikio ili watu wajue ni wa nani bila kumuuliza."

Nimesoma vitabu vizima juu ya lebo na havikunieleza vizuri hivyo.

Na habari isiyokuwa na picha? Hiyo hupewa picha ya akiba. Mwaka mzima ni nembo ya gazeti, lakini desturi yetu, tangu kabla sijaajiriwa, ni kwamba ikifika vuli tunaweka uso wa mfalme wa mlima, yule mkulima aliyechaguliwa kuongoza watu wanaopanda kuwashusha kondoo kutoka malisho ya kiangazi. Mwaka huu tena ni Eyvindur wa shamba la Brekka. Ni mwaka wake wa kumi na tisa. Sweta la sufu, ugoro puani, anacheka meno yote nje. Mtu wa makelele, anapenda kuonekana. Picha imemkaa.

Jumatano, 3 Septemba

Wamepanda mlimani. Watu ishirini na wanne, na farasi mara mbili yao. Mvua.

Jumamosi, 6 Septemba

Siku ya zizi. Bonde zima la Hrímdalur lilikuwa pale, na nusu ya mji wetu wa Melvík. Kondoo karibu elfu nne wameingizwa zizi la duara, watu wanawashika pembe, wanawasoma masikio na kuwaburuta kila mmoja kwenye kijumba cha shamba lake. Mama aliketi juu ya ukuta na chupa yake ya kahawa, akiwapa maelekezo watu ambao hawakumwomba.

Sauti ya Eyvindur ilikuwa imekauka kabisa, lakini aliniona.

"We Signý! Mbona naambiwa natafuta sauti nene za kwaya?"

Tangazo la kwaya ya kanisa halikuwa na picha. Kadi ilitoka na uso wake.

"Si unaimba?" nikamwambia.

"Naimba kama mlango! Watajaza kanisa, halafu wanisikie!"

Kijumba cha Tunga kilikuwa na kondoo wachache mno. Tunga ni shamba la mwisho bondeni, barabara yake inapitia uani Brekka. Hallur, mwenye shamba, hata hakuingia zizini. Alisimama nje ya ukuta, mikono mfukoni. Mkewe Bergljót tulimzika Machi, na miaka yote ndiye aliyekuwa akikaa katika kijumba kile na daftari lake la kuhesabia. Watu walimsalimia Hallur wakapita. Mimi pia nilimsalimia nikapita. Eyvindur tu ndiye niliyemwona akisimama muda mrefu mbele ya kijumba kile, akitazama, bila kupiga kelele.

Supu ilikuwa nzuri. Miguu inauma.

Jumanne, 9 Septemba

"Barabara ya daraja yafungwa hadi Ijumaa." Hakuna picha. Eyvindur anacheka. Chini yake watu wameandika: Fungua barabara, Eyvindur! Mwingine: Amelewa tena huyo, amelala darajani. Vicheko mia mbili.

Jórunn alisema, "Hii itakuja kutuumiza. Weka utaratibu. Habari mbaya isipewe picha ya akiba."

Nikasema sawa. Nikaandika kwenye karatasi ya manjano, nikaibandika pembeni mwa skrini. Kazi yenyewe ni ya nusu saa. Lakini watu wanacheka, nikasema moyoni, na vuli ni ndefu, waache wacheke.

Ijumaa, 12 Septemba

Paa la maktaba limevuja. Eyvindur anacheka.

Jumatatu, 15 Septemba

Mvua. Kiti kinalia. Karatasi ya manjano imeanza kujikunja.

Alhamisi, 18 Septemba

Nataka kuandika haya kwa mpangilio, kwa sababu kichwani hayana mpangilio.

Saa tano asubuhi Jórunn alirudi kutoka Hrímdalur akiwa mweupe usoni. Wakaguzi wa mifugo wamekuta kondoo arobaini waliofungiwa bandani tangu majira ya kuchipua. Hawakutolewa kwenda malishoni. Kumi na moja wamekufa, wengine muda mrefu. Ishirini na tisa wamepakiwa kwenye malori na kuchukuliwa. Jórunn anamjua mwenye kondoo, lakini hakuniambia, nami sikuuliza. Aliandika kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kumwona. Hakutaja jina, hakutaja shamba.

"Na bila picha, Signý. Hata ya mlima. Watu wa hapa wakiona mlima wanajua umesimama kwenye uga wa nani."

"Bila picha," nikasema.

Nilipandisha saa nane na dakika ishirini. Lebo ya kichwa: Kondoo kumi na moja wakutwa wamekufa bandani Hrímdalur. Lebo ya maelezo: Walifungiwa tangu majira ya kuchipua. Mkulima hatajwi. Lebo ya picha: tupu. Nikachukua taulo nikaenda kuogelea, kwa sababu ni Alhamisi na Alhamisi naogelea.

Nilikuwa kwenye kidimbwi cha maji moto na watu watano, maji shingoni. Akaingia fundi wa mabomba, hata hajakaa sawasawa.

"Mmeona ya Eyvindur?"

"Eyvindur gani?"

"Wa Brekka, yupi tena? Kondoo wamemfia bandani kwa njaa. Iko kwenye Dalvindur. Na picha yake, anacheka!"

"Nilijua tu," akasema mama mmoja. "Asubuhi niliona malori yakikata kona uani kwake."

Niliyasikia maneno hayo na nikajua palepale. Sikujua nilianza lini kulia, lakini nililia humo majini, na mtu akaniuliza kama klorini imezidi.

Nilirudi ofisini nywele zikidondosha maji. Kurekebisha lebo kulinichukua dakika nne. Nikauomba mtandao uje kusoma upya, ukaja, na kadi mpya ikatoka na nembo ya gazeti. Safi kabisa. Lakini zile zilizokwisha kusambazwa zimebaki kama zilivyokuwa. Nilihesabu mia moja na arobaini, ukiacha walizotumiana kwenye simu na walizopiga picha za skrini. Naweza kubadilisha kilichoandikwa kichwani mwa ukurasa wangu. Kichwani mwa watu siwezi.

Miongoni mwa walioshea mwanzo kabisa ni Mama. Ameandika: Masikini Eyvindur, nani angedhani. Na kikatuni kinacholia.

Karatasi ya manjano ilikuwa bado pale pembeni mwa skrini.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimempigia Mama simu nimwombe afute.

"Kwani nimesema uongo? Picha si yenu?"

"Ni ya akiba, Mama. Habari haimtaji Eyvindur. Ungeifungua ungeona."

"Nifungue ya nini? Kila kitu kiko hapo juu."

"Mama, futa tu."

"Kila mtu kashea. Nikifuta mimi peke yangu nitaonekana nimeficha kitu."

Amekata simu. Upepo umegeuka, sasa unatoka mashariki, baridi ileile.

Jumatatu, 22 Septemba

Sólrún, mke wa Eyvindur, ameingia ofisini bila kuvua viatu. Hapa kwetu mtu haingii na viatu hata nyumba ikiungua.

"Nani anaweka picha?"

"Mimi," nikasema.

"Wewe. Binti ya Ingunn. Nilikununulia soksi za michezo za shule, unakumbuka?"

"Nakumbuka, Sólrún."

"Leo dukani watu wameniachia njia. Nimeingia na kikapu changu, wakaniachia njia kama nanuka. Miaka thelathini na nane tunaishi na kondoo wale. Kondoo akiugua, huyu mwanamume analala bandani! Andikeni si yeye. Kwa herufi kubwa. Leo."

Jórunn akamwambia tutaandika, ni haki yao, makosa ni yetu. Nikafungua ukurasa mpya. Nilikuwa nimeandika sentensi mbili pale simu ilipolia. Alikuwa Eyvindur. Jórunn alisikiliza, akasema, "Lakini Eyvindur," akasikiliza tena, akaweka simu chini.

"Amekataa. Tusiandike chochote."

Sólrún alitutazama kana kwamba tumemlisha mumewe dawa. Akatoka. Sakafuni zimebaki nyayo za matope, na hakuna aliyezifuta mpaka jioni.

Jumatano, 24 Septemba

Nimekwenda Brekka. Njiani nilitunga hotuba ya kuomba radhi, ndefu, na sikuitumia.

Eyvindur alikuwa bandani akichagua wanakondoo wa kwenda machinjioni. Hakupiga kelele. Banda lake ni safi kuliko jiko langu.

"Nimekuja kuomba..."

"Mshike huyu kwanza."

Nikambana mwanakondoo kwa magoti. Yeye akampapasa masikio kwa kidole gumba, bila kutazama, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni.

"La kulia limekatwa ncha. La kushoto lina pengo nyuma." Akampapasa tena. "Huyu si wangu. Huyu wa Tunga. Alijichanganya na wangu zizini."

Akabaki amemshika sikio. Nikaelewa, na yeye akaona nimeelewa.

"Eyvindur, acha tuandike. Hatutamtaja."

"Mkiandika si mimi, watahesabu. Bonde lina mashamba manane. Watafika Tunga kabla kahawa haijapoa."

"Na jina lako je?"

"Jina langu lina mke, lina watoto wanne, lina mdomo. Litavumilia. Hallur ana nini? Ana nyumba yenye viti viwili na bunduki ya kuwindia kware." Alimwachia mwanakondoo. "Jana nilimwomba aniazime hiyo bunduki. Nimesema yangu imeharibika. Kanipa."

Mwanakondoo akakimbilia wenzake, mimi nikainuka.

"Halafu kuna hili. Wakaguzi niliwaita mimi. Zizini niliona kondoo wake ni nusu, nikaenda kugonga mlango. Hakufungua. Mara tatu. Mara ya nne nikaenda bandani badala ya mlangoni." Akachukua ugoro. "Nilipiga simu nimesimama palepale, nimeziba pua. Natazama banda lile kutoka dirisha la jikoni kwangu, Signý. Tangu Machi. Ningetembea dakika kumi mwezi Mei, wangekuwa hai. Kwa hiyo hiyo picha yenu haikukosea sana."

"Sólrún anajua?"

"Sólrún akijua atanitetea. Akinitetea, bonde zima litajua."

Nilikuwa namwona mtu wa makelele. Leo nimeona kwamba makelele ni kazi yake tu, kama lebo zilivyo kazi yangu, na nyuma yake kuna mtu ambaye sikuwahi kumfungua. Nimerudi nyumbani nimechoka hoi.

Jumamosi, 27 Septemba

Mtu ameacha mfuko wa nyasi kavu langoni Brekka. Umeshonewa karatasi: Kwa kondoo wako, kabla hawajafa.

Jumanne, 30 Septemba

Mifuko mitatu.

Alhamisi, 2 Oktoba

Baridi ya kwanza ya kugandisha. Kwenye kidimbwi cha maji moto Eyvindur aliingia, na mazungumzo yakakatika. Alisema hali ya hewa inabadilika. Hakuna aliyejibu. Mimi nilijibu, nikasema kweli inabadilika. Huo ndio uliokuwa ujasiri wangu wote.

Jumatatu, 6 Oktoba

Tumeshona matumbo ya kondoo kwa Mama, soseji za damu na za ini, kama kila Oktoba. Nimeshona kumi na saba bila kusema neno. Mwishowe Mama akasema, "Umenuna kwa ajili ya yule Eyvindur."

"Sijanuna."

"Mtu mwenye haki si angejitetea? Mwenye haki hukaa kimya?"

Sindano imenichoma. Nilitaka kumwambia. Lakini nilimwahidi Eyvindur. Nimesema tu kwamba wakati mwingine anakaa.

"Basi ni mjinga," akasema Mama, akanipa utumbo mwingine.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kamati ya wakulima imekaa. Mwakani mfalme wa mlima atakuwa mwingine. Hawakutoa sababu. Jórunn ameandika mistari minne, nami nimepandisha. Lebo ya picha nimeikagua mara sita. Nembo. Hata hivyo watu chini yake wameandika: Hatimaye.

Jumanne, 14 Oktoba

Theluji. Hakuna jipya. Sitaki kuandika.

Jumanne, 21 Oktoba

Jórunn alikuwa ametoka. Mlango ukafunguliwa, na mtu akavua viatu taratibu, kimoja, halafu kingine. Alikuwa Hallur wa Tunga. Amekonda, lakini amenyoa. Alishika bahasha.

"Naambiwa wewe ndiye unayeandika kile kinachoonekana."

"Nani amekuambia?"

"Sólrún." Akakaa kwenye kiti cha Jórunn bila kukaribishwa. "Mimi mitandao sina. Simu sijaichaji tangu mazishi. Kila wiki napita uani Brekka nikija dukani, naona mifuko ya nyasi langoni. Nikadhani anauza. Jana upepo ulikuwa umelifungua lango, nikashuka kulifunga. Nikasoma."

Akaigeuza bahasha mikononi.

"Nikabisha hodi. Sólrún akafungua. Nikamuuliza hii ni nini, akanionyesha kwenye simu yake. Uso wa Eyvindur juu ya kondoo wangu. Akaniuliza kama najua ni nani hasa. Nikamwambia. Akakaa chini."

"Eyvindur alitukataza kuandika," nikasema.

"Najua. Najua pia nani aliyewaita wakaguzi. Aligonga mlango mara tatu, nilikuwa nimekaa ndani nikimsikia." Akaisukuma bahasha mezani. "Hii barua itoke Jumamosi. Siku ya kwanza ya majira ya baridi watu wako nyumbani. Na Eyvindur msimwambie. Atakuja kunizuia, na nitakubali."

Hapa kwetu yeyote anaweza kuliandikia gazeti, na barua hutoka na uso wa mwandishi pembeni. Ndivyo ilivyo tangu zamani. Hallur alikuwa ameleta na picha. Yeye na Bergljót zizini, miaka mingi nyuma, wote wanakodoa macho kwa jua, daftari la kuhesabia liko kwapani mwa Bergljót.

"Watu wanaona nini kabla ya kufungua?" akauliza.

"Picha, kichwa na mstari mmoja."

"Wangapi wanafungua?"

Nilitaka kumdanganya. "Wachache."

"Basi yote yawe kwenye mstari huo. Andika."

Nikafungua lebo ya maelezo. Kishale kikawa kinapepesa.

"Kondoo walikuwa wangu," akasema Hallur. "Nukta. Eyvindur wa Brekka hana kosa. Nukta."

Nikaandika. Herufi hamsini na kitu, zinaenea bila kukatwa.

"Na picha mtoe Bergljót."

"Ametoka vizuri hapa, Hallur."

"Mtoe. Yeye angewalisha."

Nilikata polepole. Kadi inataka picha pana, upana mara mbili ya urefu, na kila nilivyovuta Bergljót aliondoka kidogokidogo, bega, uso, daftari. Ukabaki mkono wake. Ulikuwa umelala begani kwa Hallur, karibu na shingo.

"Nikiutoa mkono nakukata sikio," nikasema.

Aliitazama skrini muda mrefu.

"Uache," akasema.

Jórunn aliporudi alisoma barua nzima amesimama, na koti mwilini. Alibadilisha koma moja. Halafu akamuuliza Hallur, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Jumamosi utakuwa na nani?"

"Sólrún amesema nikale kwao. Amesema nisipokwenda atanifuata na viatu vyake."

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimekaa nusu saa na kuweka ule utaratibu. Habari isiyo na picha haipewi uso wa mtu yeyote tena, vuli wala kiangazi. Nusu saa kamili, nilitazama saa. Karatasi ya manjano nimeibandua. Gundi yake imeacha alama kwenye fremu, nimekwangua kwa ukucha, haitoki.

Jumamosi, 25 Oktoba

Siku ya kwanza ya majira ya baridi. Anga safi, hakuna upepo kabisa, jambo ambalo sikulitarajia baada ya majira haya.

Nilipandisha barua saa nne asubuhi. Nilikagua lebo tatu mara tatu, nikaubandika ukurasa mimi mwenyewe kwenye kundi la bonde la mtandaoni, nikasubiri kadi itokee. Ikatokea. Hallur anakodoa macho, mkono begani. Kichwa: Kutoka Tunga. Chini yake sentensi zake mbili.

Kwa dakika kumi hakuna aliyeandika neno. Kundi zima la watu mia nne, kimya. Nilidhani mtandao umekatika. Halafu mtu mmoja akaandika tu: Hallur wetu. Na mwingine: Nani ana gari, twende Brekka tukaitoe ile mifuko. Sólrún akajibu kwamba nyasi zimekwisha kuliwa na zilikuwa nzuri, waliozileta waje na majina yao wanywe kahawa. Eyvindur hakuandika kitu. Jórunn alimpigia simu, na anasema alichosikia ni mtu anayepenga kamasi, halafu swali kama Hallur anakula kabichi.

Sijui kama heshima ya Eyvindur itarudi yote. Kamati haikai tena mpaka Machi. Na zile kadi mia moja na arobaini bado ziko mahali zilipo.

Saa sita Mama akapiga simu. Nilijiandaa kugombana.

"Ule mkono wa nani?" akauliza.

"Mkono gani?"

"Begani kwa Hallur. Kuna mkono. Hakuna mtu, kuna mkono. Nimetazama nimechoka, ikabidi nifungue."

"Umefungua?"

"Si nimekwambia? Nimesoma mpaka chini. Ni wa Bergljót." Nilimsikia akipumua. Nyuma yake saa ya ukutani ilikuwa inagonga. "Signý."

"Naam, Mama."

"Ile niliyoshea mimi. Inafutwaje?"

Nikamwambia atafute nukta tatu juu pembeni. Hakuziona. Nikamwambia avae miwani. Akaenda kuitafuta, akarudi, akaziona. Tulikaa kwenye simu mpaka akamaliza.